Fundi wa Kiwira anauliza: oili ya gereji yangu inafika kwenye bahari za baridi?

Swali: Dokta, shikamoo. Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Kiwira, wilaya ya Rungwe. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi alinionyesha kwenye simu picha ya ndege wa baharini aliyelowa mafuta meusi, akasema ni kwenye bahari ya baridi huko mbali. Halafu akaniuliza, "Baba, oili unayomwaga kwenye mtaro nayo inafika huko?" Nikakosa jibu. Je, inafika? Na kwa nini wanasema kwenye baridi madhara ni makubwa zaidi? Mimi ninavyojua, mafuta kwenye baridi yanaganda, sasa yakiganda si ndiyo rahisi kuyaokota? Plastiki nayo anasema ni mambo yale yale. Naomba unieleweshe, nimweleweshe na yeye.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na kamwene kutoka Iringa. Binti yako ameuliza swali la maana sana, na wewe umefanya vizuri kukiri kwamba hukuwa na jibu badala ya kumnyamazisha. Nitajibu kwa urefu, maana ukilijibu kwa mstari mmoja unadanganya.

Nianze na lile alilouliza yeye. Hapana, oili ya mtaro wako haifiki kwa yule ndege. Ikitoka gereji inaingia Mto Kiwira, inateremka mpaka Kyela, inaingia Ziwa Nyasa, na safari yake karibu yote inaishia hapo. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire kule Malawi, ambao unakwenda kuungana na Zambezi. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa haipiti mlango huo, inapanda juu kama mvuke. Wataalamu wanakadiria kwamba maji hukaa ziwani zaidi ya miaka 100. Mvuke ukipanda unaondoka na maji, uchafu mzito unaachwa. Kwa hiyo mwambie binti yako kwamba haifiki huko, na umwambie pia sababu: inabaki kwa majirani zenu wa Kyela, wanaokula usipa na mbasa wa ziwa hilo. Nitarudi kwa mbasa baadaye, maana ndiye aliyenifanya niandike jibu refu hivi.

Sasa baridi. Hili wewe mtu wa Rungwe unalijua bila kufundishwa. Chukua chupa ya mawese Kyela mwezi wa saba. Kule chini yanamiminika. Yafikishe Kiwira, yalaze usiku mmoja, asubuhi utayachota kwa kijiko. Mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni hali ya hewa. Mafuta ghafi ya petroli nayo hubadilika hivyo hivyo yakikutana na maji ya nyuzijoto 4 au 5.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Kuna nyepesi, kama zile zinazokupiga puani ukifungua tangi la petroli, na kuna nzito kama lami. Yakimwagika kwenye bahari ya joto, zile nyepesi hupaa hewani kwa saa au siku chache, na bakteria wanaokula mafuta, ambao wapo kila bahari, hufanya kazi kwa kasi. Kwenye baridi kila hatua inachelewa. Kemikali nyepesi, ambazo baadhi yake ndizo zenye sumu kali, zinakaa majini muda mrefu zaidi. Bakteria wapo hata huko, ila wanakula polepole, kama samadi inavyochelewa kuoza Makete kuliko Usangu.

Hoja yako kwamba yakiganda yanaokoteka ina ukweli ndani yake, na hata wanaofanya kazi ya kusafisha wanaikubali: mafuta mazito husambaa taratibu, kwa hiyo wanapata muda kidogo zaidi wa kuyazingira. Tatizo ni kwamba bahari haina sakafu ya saruji kama gereji. Mawimbi huyakoroga mafuta na maji mpaka yanakuwa uji mzito wa kahawia, zaidi ya nusu yake maji. Lita moja iliyomwagika inaweza kuwa lita tatu au nne za uji. Pampu inashindwa kuuvuta. Kukiwa na barafu, mashua haipiti. Na ule uji ukifika ufukweni hujichimbia chini ya mawe, na hapo ndipo kisa kirefu kinapoanzia.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez ilikwama kwenye mwamba wa Bligh, katika ghuba ya Prince William huko Alaska. Zilimwagika lita zipatazo milioni 41. Ukitaka kuiona hesabu hiyo, simama barabarani uangalie malori ya mafuta yanayoshuka kwenda Kasumulu, yale ya lita elfu arobaini. Fikiria malori zaidi ya 1,000 yamefunguliwa koki siku moja. Mafuta yaligusa pwani yenye urefu wa kilomita 2,100 hivi. Makadirio ya vifo yaliyokubalika ni ndege wa baharini 250,000, fisi maji wa baharini 2,800, sili 300, tai 250, na nyangumi wauaji wapatao 22.

Picha ya binti yako ni ya vifo vya namna hiyo. Watu wengi hudhani ndege yule anakufa kwa kunywa sumu. Ni kweli anainywa, maana hujichokonoa kwa mdomo akijaribu kujisafisha, na mafuta humharibu utumbo, figo na damu. Lakini mara nyingi baridi inamuwahi. Manyoya ya ndege wa baharini yamefumwa kwa vindoano vidogo visivyoonekana kwa macho, vinashikana na kufungia hewa kavu karibu na ngozi. Mafuta yakigusa, vindoano vinaachana, hewa inatoka, maji yanaingia. Umewahi kupanda pikipiki alfajiri kutoka Uyole kwenda Isyonje mwezi wa saba? Sasa fikiria uko juu ya pikipiki hiyo, jaketi lako limelowa, na safari haina mwisho.

Fisi maji wa baharini ana hali mbaya kuliko ndege. Sili na nyangumi wana tabaka la mafuta chini ya ngozi, yeye hana. Anachotegemea ni manyoya tu, mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, zaidi ya nywele 100,000 kwenye sentimita moja ya mraba. Ili apate joto hula chakula kinachofikia robo ya uzito wake kila siku. Manyoya yakishikana kwa mafuta, saa chache zinatosha.

Usidhani hayo ni mambo ya Wazungu na barafu zao. Afrika tuna bahari ya baridi. Mkondo wa Benguela unapita pwani ya magharibi ya Afrika Kusini na Namibia ukiwa na maji baridi kiasi kwamba pengwini wanaishi humo. Juni 2000 meli ya Treasure, iliyobeba madini ya chuma, ilizama kati ya visiwa vya Dassen na Robben, karibu na Cape Town. Mafuta yake ya injini yakavuja. Pengwini wapatao 19,000 walilowa. Wengine zaidi ya 19,000 waliokuwa bado safi walikamatwa, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa mpaka Port Elizabeth, wakaachiwa baharini huko. Walianza kuogelea kurudi kwao, kilomita zipatazo 800, na wakati wanafika watu walikuwa wameshasafisha. Mpaka leo naona huo ni mmoja wa mipango mizuri kabisa iliyowahi kufanywa kuokoa viumbe.

Mimi nilikuwa mwanafunzi huko wakati ule, nikawa mmoja wa maelfu ya waliojitolea kuosha. Pengwini mmoja huoshwa na watu wawili, mmoja akimshika kichwa kwa nguvu kwa sababu anauma mpaka nyama inatoka. Karibu saa nzima kwa ndege mmoja. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, mswaki wa kusafishia macho. Ukimaliza huwezi kumrudisha baharini, inabidi akae siku nyingi mpaka manyoya yajipange upya yazuie maji. Wengi sana walipona. Nililia siku tulipoachia kundi la kwanza, sioni aibu kulisema. Ila sitaki umpe binti yako nusu ya habari: mwaka 2024 pengwini wa Afrika waliorodheshwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini, wakiwa wamebaki chini ya jozi 10,000 zinazozaa. Kinachowamaliza zaidi ni njaa, sardini wamepungua baharini. Mafuta yanamkuta ndege ambaye tayari ameshadhoofika.

Sasa naomba uniazime masikio vizuri, maana hapa ndipo mimi na wanafunzi wangu hutumia muda mwingi, na hapa hakuna picha ya kuonyesha kwenye simu.

Mwaka 2001, miaka 12 baada ya ajali ya Alaska, watafiti walichimba maelfu ya mashimo kwenye fukwe ambazo kwa macho zilionekana safi. Zaidi ya nusu ya fukwe walizochimba zilikuwa bado na mafuta chini ya mawe, mahali pengine yakiwa bado majimaji na yananuka. Baridi, na kukosa hewa kule chini, viliyahifadhi. Fisi maji hula chaza wanaofukuliwa kwenye mchanga huo huo. Kila alipofukua chakula alifukua na mafuta. Idadi yao ilichukua karibu miaka 25 kurudi ilivyokuwa. Kuna kundi moja la nyangumi wauaji katika ghuba ile, lilikuwa na 22, likapoteza 9 baada ya ajali, na tangu hapo hakuna ndama aliyezaliwa ndani yake. Waliobaki wanazeeka. Kundi linaisha kimyakimya.

Kisha mayai. Kuna samaki anaitwa samoni wa waridi, hutaga kwenye changarawe za mito ya Alaska, wengine pale pale mto unapokutana na bahari. Yai lake hukaa ndani ya changarawe kipindi chote cha baridi, miezi kadhaa, kwa sababu kwenye maji baridi kila kiumbe hukua polepole. Miezi hiyo yote maji yanayopita kwenye mafuta yaliyofichika juu yake yanalifikia yai, yakiwa na kemikali kidogo sana, sehemu chache kwa kila bilioni. Kiasi hicho hukioni, hukinusi, na samaki mkubwa anaweza kukivumilia. Yai halivumilii. Vifo vya mayai katika mito iliyopakwa mafuta vilizidi vya mito safi kwa miaka kadhaa. Na wale walioanguliwa wakiwa wazima kwa kuangalia? Watafiti waliyaweka mayai kwenye maji yenye chembe za mafuta, samaki walipoanguliwa wakawatia alama, wakawaachia baharini, kisha wakasubiri warudi kutaga. Walirudi wachache kuliko wale waliokulia maji safi.

Sababu imeeleweka vizuri baadaye: ni moyo. Ndani ya mafuta kuna kundi la kemikali zenye pete za kaboni, kwa kifupi huitwa PAH. Moyo hupiga kwa sababu chembe za potasiamu na kalsiamu hupita kwenye vimilango vya seli kwa mpangilio, kama valvu za injini zinavyofunguka kwa zamu. Hizo kemikali huvuruga vimilango hivyo. Wewe ni fundi, unajua injini yenye taimingi mbovu inavyokuwa: inawaka, inatembea, lakini mlimani inakata pumzi. Moyo wa samaki unajengwa huku unapiga, kwa hiyo ukipiga vibaya wakati wa kujengwa unajengeka vibaya. Samaki anazaliwa, anaogelea, na siku anapofukuzwa na adui au anapopambana na mkondo anashindwa. Hakuna atakayeandika kwamba ameuawa na mafuta.

Hapo ndipo anapoingia mbasa wetu. Wageni wengine humwita samoni wa Ziwa Nyasa, na wana sababu: naye hutoka ziwani, hupanda mito inayoingia humo wakati wa mvua, hutaga juu ya changarawe kwenye maji yanayokwenda kasi. Miaka hii amepungua sana, kwa nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito na kwa mito yenyewe kuchafuka kwa udongo wa mashamba. Maji yetu si baridi kama ya Alaska, mayai yake huanguliwa upesi zaidi, hiyo ni nafuu kwake. Lakini moyo wa samaki ni moyo wa samaki. Na oili iliyotumika ina PAH nyingi kuliko ile mpya ya kopo, kwa sababu imekaa ndani ya injini ikipokea masizi, tena ina madini yaliyosagika kutoka kwenye vyuma. Mvua ya Rungwe nayo haina subira. Kilichomwagwa mtaroni mchana, usiku kimeshafika mtoni, msimu ule ule mbasa anapopanda.

Watu wakisikia uchafuzi wa mafuta hufikiria meli zilizopasuka, au kwa hapa kwetu bomba la TAZAMA linalokatiza nyanda hizi tangu 1968. Lakini ripoti ya baraza la taifa la utafiti la Marekani ya mwaka 2003, iliyopima mafuta yanayoingia baharini dunia nzima, ilikuta kwamba karibu nusu yanavuja yenyewe kutoka chini ya bahari, na katika yale yanayoletwa na binadamu, fungu kubwa lilitokana na matumizi ya kila siku: maji ya barabarani na mijini, boti, injini. Ajali za meli zilikuwa ndogo kuliko hayo. Mitaro ya watu wengi inaishinda meli moja.

Plastiki. Binti yako amesema ni mambo yale yale, na kwa asili yake amepatia: plastiki karibu zote zinatengenezwa kwa mafuta na gesi. Kwa hiyo nazo hupenda mafuta. Kipande cha plastiki kikielea, sumu zisizopenda maji hukikimbilia na kukishika, kama grizi inavyoshika kwenye ndoo ya plastiki hata uoshe vipi. Ndege anayekimeza anameza vyote viwili.

Kwenye baridi plastiki haiozi, inavunjika tu kuwa vipande vidogo na vidogo zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani walitangaza kwamba barafu ya bahari ya Aktiki, kule ncha ya kaskazini ya dunia, ilikuwa na chembe hadi 12,000 za plastiki katika lita moja, nyingi ndogo kuliko unene wa unywele. Barafu hukusanya chembe inapoganda na huziachia inapoyeyuka, mahali pale pale ambapo viumbe wadogo kabisa wanakuja kulisha majira ya kuchipua. Kuna ndege wa Bahari ya Kaskazini anaitwa fulma, hula juu ya maji tu na hachagui. Fulma wanaookotwa wamekufa ufukweni hupasuliwa matumbo, na zaidi ya tisa katika kila kumi hukutwa na plastiki.

Na kuna bahari ya baridi ambayo hata watu wa Dar es Salaam hawaijui, ingawa iko mbele yao. Maji ya Bahari ya Hindi unayoyaona Kunduchi ni ya joto juu tu. Nenda mbali na pwani, shuka mita 3,000, utakuta giza na nyuzijoto 2 hivi. Vilindi vya bahari karibu zote viko hivyo, na plastiki nzito huishia huko. Mwaka 2020 kiumbe mmoja mdogo jamii ya kamba, aliyepatikana katika handaki la Mariana kule Pasifiki, alipewa jina la kisayansi la Eurythenes plasticus kwa sababu tumboni mwake kulikuwa na kipande cha plastiki ya aina ya chupa za maji. Alikuwa hajawahi kujulikana na sayansi, na tayari alikuwa amekula taka zetu.

Mifuko ya rambo tuliipiga marufuku Juni 2019, na ninaona tofauti kwenye mitaro ya Iringa. Chupa bado. Lakini ninachotaka kukisema zaidi kwa Nyanda za Juu ni kuchoma. Kila jioni mtaani unaona moshi mweusi wa nailoni na chupa nyuma ya nyumba. Plastiki nyingine zikichomwa kwenye moto mdogo hutoa sumu ziitwazo dayoksini, na hizi zina safari ndefu. Angalia sufuria ya wali: mvuke unapanda kutoka kwenye joto, ukikutana na kifuniko cha baridi unageuka maji. Dunia nayo ina vifuniko, ncha zake mbili. Sumu za aina hii hupaa mahali pa joto, husafiri na upepo, hutua, hupaa tena, mpaka zikifika kwenye baridi kali hazina nguvu ya kupaa. Zinabaki huko, zinaingia kwenye mafuta ya samaki, kisha ya sili, kisha ya dubu weupe na ya watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kanada walipima maziwa ya akina mama wa Kiinuiti, wenyeji wa Aktiki, wakitarajia kupata maziwa safi ya kulinganishia na ya mijini. Wakakuta PCB, kemikali iliyokuwa ikiwekwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani, mara kadhaa zaidi ya ile ya wanawake wa miji ya kusini. Wale mama hawakuwa na transfoma. Walikuwa wanakula sili. Ugunduzi kama huo ulichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaodhibiti sumu za aina hii. Kwa hiyo kama binti yako akiuliza ni kitu gani cha Kiwira kinaweza kweli kufika kwenye bahari za baridi, mwambie moshi una njia kuliko mtaro.

Nimebakiza moja, na hili ni lako kabisa, mtu wa malori. Huko Seattle, Marekani, kwa miaka mingi samoni aina ya koho walikuwa wanapanda vijito vya mjini kutaga, mvua ikinyesha wanaanza kuzunguka hovyo, wanahema juu ya maji, wanakufa ndani ya saa chache wakiwa na mayai tumboni. Walipimwa magonjwa, joto, dawa za mashambani, hakuna jibu. Mwaka 2020 jibu likapatikana: vumbi la matairi. Kwenye mpira wa tairi huwekwa kemikali ya kuuzuia usipasuke, ikikutana na ozoni ya hewani hugeuka kitu kinachoitwa 6PPD-kwinoni, na hicho huua koho kwa kiasi kilicho chini ya sehemu moja kwa bilioni. Mpira wa tairi nao sehemu yake imetoka kwenye mafuta. Baadaye wakajaribu samaki wengine. Wengine hawakudhurika kabisa. Trauti wa upinde alikufa.

Trauti unamjua, ndiye yule samaki wa madoa aliyeletwa na wakoloni kwenye vijito vya baridi vya Mufindi na huko juu ya Kiwira. Ni jamaa wa samoni. Sisemi kwamba trauti wa Kiwira wanakufa kwa matairi. Ninachosema ni kwamba barabara yenye malori mengi, yenye miteremko na breki nyingi, ikipita juu ya mto wa maji baridi wenye samaki wa jamii hiyo, inastahili kupimwa, na ningefurahi kuona mwanafunzi wa Mbeya akiifanya kazi hiyo kabla ya mgeni kuja kutufanyia.

Kuhusu gereji yako sasa. Usimwage kwenye mtaro, na usichimbe shimo ukadhani umeficha: udongo wa Rungwe ni wa volkano, unapitisha maji kama chekeche, na chemchemi mnazochota ziko chini yenu. Tafuta beseni pana la kukingia na madumu yenye vifuniko vinavyobana. Filta itoboe, iache ichuruzike usiku kucha ndani ya beseni, maana inabaki na oili nyingi kuliko unavyodhani. Iliyodondoka sakafuni imwagie vumbi la mbao, si maji na sabuni. Sabuni inaivunja tu iende mbali zaidi. Usichanganye na petroli, oili ya breki wala maji, kwani ikichanganyika hakuna atakayeipokea. Kisheria oili iliyotumika ni taka hatarishi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda Mbeya. Waulize wakupe orodha ya wakusanyaji wenye kibali. Mkiungana mafundi wanne watano hapo Kiwira mkajaza pipa moja, gari la kukusanya litaona faida ya kupanda. Kwa wanaokuomba wakapake mbao za kupaulia kuzuia mchwa, usiwape ya kupaka nguzo za zizi wala uzio ulio karibu na maji, maana mvua inaikamua irudi kule kule.

Na kwa binti yako nina ombi. Injini ya lori kubwa inabeba lita 30 hadi 40, wewe unajua kuliko mimi. Mpe daftari la gereji ahesabu malori uliyobadilisha oili mwaka uliopita, azidishe. Kisha aniandikie namba aliyopata, pamoja na jina la kijito ambacho mtaro wenu unaingilia kabla ya kufika Kiwira. Nikija Tukuyu mvua zikianza nitakuja na chupa za kuchukulia sampuli, tushuke naye mtoni.